Moto Niliompelekea Mama Bura

Mwezi uliopita nilikaa kwenye msiba Ganako tangu asubuhi hadi jua lilipoanza kushuka, na kazi yangu kubwa siku hiyo ilikuwa kuangalia watu. Turubai tatu zilijaa. Viti vya plastiki viliisha, waliochelewa wakakalia magogo na ukingo wa mtaro. Vijana walipita na sahani za wali na maharage, na kila aliyekuja alipewa, hata dereva wa gari la watalii aliyesimama kuuliza njia ya kwenda geti la hifadhi. Mama mmoja aliyekaa kando yangu alisema, kwa kuridhika, kwamba marehemu amezikwa na watu. Nilimjibu kwamba ni kweli. Harufu ya wali ulioshika chini ya sufuria ilikuwa imetanda kila mahali. Nilikuwa nakumbuka msiba mwingine, wa kijijini kwetu Daa, ambao hakuja mtu.

Wa rika langu watakumbuka jinsi tulivyofundishwa historia. Shujaa alikuwa mwanaume aliyesimama. Kitabu cha shule kilikuwa na picha zao zilizochorwa kwa wino mweusi, kifua wazi, mkuki juu, na chini ya kila picha sentensi mbili au tatu za Kiswahili kilichonyooka kuliko chochote nilichokisikia Karatu. Nilikipenda kitabu kile kupita kiasi. Nyumbani tulizungumza Kiiraqw, sokoni watu walichanganya walichojua, lakini mle ndani lugha ilivaa viatu. Niliamini kwamba mtu hawi shujaa mpaka aandikwe kwa lugha ile.

Mwalimu wetu wa historia, Mwalimu Ngonyani, alikuwa mtu wa Songea. Babu yake alikuwa katika vita vya Maji Maji, na alitukumbusha jambo hilo kila muhula kama mtu anayesoma cheti chake. Siku moja alituagiza kila mmoja alete kutoka kwao habari ya shujaa wa ukoo. Nilimuuliza baba jioni hiyo akiwa anachambua mbegu za maharage ya ngwara. Alifikiri kidogo, kisha akaniambia habari za babu yake, aliyeishi mahali panapoitwa Mama Issara, kwenye milima ya Mbulu, kabla watu wetu hawajashuka Karatu kutafuta mashamba. Babu huyo alichimba nyumba ndani ya mteremko, akaezeka paa kwa miti na udongo mpaka majani yakaota juu yake na mbuzi wakapanda kuyala. Wamasai walipokuja kuteka ng'ombe walipita juu ya paa lile wasijue. Chini, ndani ya giza, babu alikuwa ameushika mdomo wa ndama kwa mikono miwili mpaka nyayo zikaisha. Hakupoteza mtu wala mnyama.

Niliisoma habari hiyo mbele ya darasa. Mvulana mmoja aliyeitwa Gwandu akauliza kwa sauti ya upole sana kama ukoo wetu ni wa binadamu au wa panya buku. Darasa zima likacheka. Mwalimu Ngonyani alisema kujificha nako ni akili, lakini alikuwa anatabasamu, na habari zilizobandikwa ukutani wiki ile zilikuwa za wenzangu, zenye mikuki. Kwa muhula mzima niliitwa Shujaa wa Shimoni. Nimesoma historia nyingi tangu wakati huo, na leo ningetoa kitabu kizima cha wenye mikuki kwa ukurasa mmoja wa mtu aliyeushika mdomo wa ndama. Watu wetu wapo kwa sababu ya watu kama yule. Lakini nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na nilichotaka ni shujaa wa kusimama.

Kisha vita vya Kagera vikaanza, na kaka yangu Lohay akaenda.

Tulikuwa wawili tu, yeye na mimi. Alikuwa utingo wa trekta kwenye shamba la ngano, na ndiye aliyenifundisha kusoma kabla sijaanza shule, kwa herufi zilizopigwa muhuri kwenye magunia. Alikuwa amepitia mgambo, hivyo walipoitwa vijana aliitwa miongoni mwa wa kwanza. Siku ya kuondoka alivaa sweta la baba. Mama alimshika kifundo cha mkono. Baba alisema sala ndefu. Mimi nilimwambia kwamba nitaandika habari zake zote. Alinitazama akiwa tayari juu ya lori.

"Andika," alisema. "Ila usitie chumvi."

Barua ililetwa katikati ya masika na katibu kata, akiwa na askari kijana ambaye viatu vyake vilikuwa vimebeba udongo mweusi mpaka vimekuwa kama matofali. Katibu kata hakuwa mtu wa kwetu na hakujua Kiiraqw. Alisimama mlangoni, akakataa kiti, akasema kwamba Lohay amekufa akiwa shujaa, amelitetea taifa, na amezikwa hukohuko pamoja na wenzake kwa heshima zote. Maneno hayo mawili, shujaa na heshima, niliyasikia vizuri kuliko yale mengine. Baba alimgeukia mama, akamwambia kwa Kiiraqw kwa maneno yasiyozidi matatu. Mama aliendelea kukoroga kilichokuwa jikoni. Alikikoroga mpaka wageni wakaondoka, mpaka kikaungua, na bado mkono ulikuwa unazunguka.

Sasa nataka kueleza kwa utaratibu, kwanza jambo lilivyokuwa, halafu nilivyolielewa mimi.

Lilivyokuwa ni hivi. Wazee wetu wa Kiiraqw walikuwa na desturi iliyoitwa metimani. Nyumba iliyopatwa na kifo cha aina fulani, hasa cha kijana, ilijitenga kwa miezi, wakati mwingine hata mwaka. Na kifo cha mbali kisicho na kaburi la kuonekana kiliogopwa zaidi. Watu wa nyumba hiyo hawakuingia kwa wengine. Hawakugawana nao moto wala chombo, hawakunywesha mifugo mahali pamoja. Iliaminika kwamba kifo kinaweza kuhama pamoja nao, na waliokuwa hatarini kuliko wote ni wanawake wajawazito. Kanisa lilikuwa limeikataza desturi hiyo, serikali nayo ikaikataza, na kwa hiyo watu walikuwa wameacha kuitaja. Kuifuata hawakuacha. Baba yangu alikuwa katekista. Neno lile asingeweza kulitamka ndani ya nyumba yenye msalaba ukutani. Aliniambia tu kwamba nitakaa nyumbani kwanza, nisiende shule, na nisitembelee watu.

Nilivyolielewa mimi ni hivi. Katika kitabu cha shule kulikuwa na habari ya mtawala mmoja wa zamani ambaye watu wake hawakumkaribia. Waliokutana naye njiani walikaa pembeni mpaka apite, na hakuna aliyeingia kwake bila kuitwa. Nilipoona njia iliyokuwa inapita mbele ya nyumba yetu imehamia juu, kwenye mpaka wa shamba, nilikumbuka ukurasa ule. Nilipokwenda kuteka maji na wanawake wawili wakatoka njiani, wakasimama ndani ya mahindi mpaka nipite, nilikumbuka ukurasa ule. Padri alisoma misa ya Lohay. Tulikaa benchi la nyuma, na benchi la mbele yetu na lile la mbele yake yakabaki matupu ingawa kanisa lilijaa. Nilikaa wima katika nafasi ile kubwa. Nilikuwa dada wa shujaa, na hivi ndivyo watu walivyokuwa wanatupa heshima zetu.

Niliyaandika yote katika daftari la mistari mikubwa. Niliandika nani alipita mbali, saa ngapi kwa kivuli cha ghala, na alitoka pembeni hatua ngapi. Sikutia chumvi. Kila jambo katika daftari lile lilikuwa la kweli isipokuwa maana yake.

Kilichonisumbua kilikuwa ukimya wa mama. Wanawake wa Daa walimwita Mama Lohay, na kwa kuwa hakuna aliyekuja, hakuna aliyemwita. Baba hakuwahi kumwita kwa jina. Mimi nilimwita mama. Miezi ilipita bila jina la kaka yangu kutamkwa pale nyumbani, na sidhani kama yeyote kati yetu alilia. Tulipalilia, tukala, tukalala. Ukungu wa Ngorongoro ulishuka asubuhi na kuondoka saa nne. Nikikumbuka kipindi kile nakumbuka kama mtu anayetazama kupitia kioo kinene cha chupa, vitu vinatembea lakini havitoi sauti.

Jirani yetu wa karibu alikuwa Mama Bura, ng'ambo ya korongo dogo. Mumewe alifanya kazi kwenye shamba la kahawa na kurudi Jumamosi. Yeye alibaki na mtoto wao, Bura, aliyekuwa na miaka mitatu hivi. Viberiti vilikuwa adimu wakati ule, na karibu kila asubuhi Mama Bura alikuwa akija kwetu na kigae cha chungu kuchukua kaa la moto. Alikuwa mtu wa utani. Alimwambia mama kwamba moto wa kwetu unapika haraka kwa sababu unaogopa mahubiri ya baba. Tangu barua ile alikuwa hajaja hata mara moja.

Asubuhi moja nilitazama ng'ambo ya korongo na sikuona moshi juu ya paa lake. Nilisubiri. Kivuli cha ghala kikafika kwenye jiwe la kusagia na bado hakukuwa na moshi. Mama alikuwa mtoni, baba shambani. Nilifikiri kama mtu wa kitabuni. Niliona kwamba Mama Bura anaona haya kuja kuomba kwenye nyumba ya shujaa, na kwamba wenye nyumba ya namna hiyo hawapaswi kusubiri kuombwa. Nilichagua kaa zuri, nikaliweka juu ya kigae na majivu chini yake, nikavuka korongo.

Sikubisha hodi, kwa sababu moto ulikuwa unanichoma vidole. Mama Bura alikuwa ameketi akichambua mboga. Aliponiona alisimama, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Mkono mmoja ulimvuta Bura nyuma yake, mwingine aliuweka tumboni. Hakupiga kelele.

"Nani amekutuma?" aliuliza.

Nilimwambia hakuna aliyenituma, nimemletea moto.

"Weka chini. Toka."

Niliweka kaa katikati ya mafiga, nikamwamkia kama nilivyofundishwa, nikatoka. Njiani kurudi nilikuwa nimejaa furaha tulivu ambayo sijaisahau. Nilifungua daftari, nikaandika kwamba nimepeleka moto kwa Mama Bura, kwamba alisimama nilipoingia, na kwamba hakuweza kusema mengi. Moshi haukuonekana kwake siku ile. Baadaye nilikuja kujua kwamba alilitupa kaa lile korongoni pamoja na kigae chake, akachota majivu yote ya zamani, akasiliba upya sakafu nzima kwa mikono yake.

Wiki kama tatu zikapita. Kisha nikaona kwamba njia iliyokuwa imehama mbele ya nyumba yetu imehama na mbele ya nyumba ya Mama Bura pia. Wanawake waliokuwa wanapita kwake wakielekea mtoni sasa walizunguka juu. Nililiandika nalo. Niliandika kwamba labda heshima yetu imemfikia kwa sababu ya moto.

Mwalimu Ngonyani alikuja mwanzoni mwa kiangazi, kwa baiskeli, wakati watu wanavuna. Yeye hakuzunguka juu. Alikuja moja kwa moja mpaka uani, akaegesha baiskeli kwenye ghala, akaingia ndani, akakaa kwenye kigoda. Mama alimpa uji na akaunywa wote. Alikuwa mtu wa kwanza kula kwetu tangu barua. Niliambiwa nitoke, nikakaa nyuma ya zizi la ndama, ambako kila neno lilisikika kupitia ukuta wa fito.

Alisema mtihani wa darasa la saba umebakiza wiki sita. Mtihani ule hauna marudio, asiyefanya amemaliza shule siku hiyo. Alisema katika darasa lake kuna watoto wawili anaowatazamia kwenda sekondari, na mmoja ni mimi. Alisema aliambiwa nina homa, halafu akaambiwa nimepelekwa Mbulu kwa shangazi, na sasa anataka kuambiwa ukweli.

Nilisikia baba akiufunga mlango. Kisha, kwa Kiswahili chake cha kanisani, akaueleza. Alieleza kila kitu nilichokieleza hapo juu, kwa utaratibu uleule, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akilitamka lile neno. Mwalimu alimkatiza. Alisema hayo yamepigwa marufuku na baba kama mtu wa dini anajua. Alisema atamwita katibu kata, wazazi wote waamriwe.

"Mwalimu," baba alisema, "mimi mwenyewe siamini. Nakuomba uandike hilo kama unaandika. Lakini ukileta serikali watanyamaza, watamwacha akae na watoto wao darasani, na ng'ombe wa kwanza atakayekufa hapa Daa watasema tumemuua sisi, na tutasemwa miaka kumi. Na kuna jambo jingine. Huyu mtoto aliingia na moto kwa jirani yetu hapo ng'ambo. Yule mama alikuwa na mimba ya miezi mitano. Imetoka."

Nyuma ya zizi ndama alikuwa ananilamba kiwiko. Nakumbuka ukali wa ulimi wake. Nakumbuka pia kwamba sikushtuka, wala sikulia. Ilikuwa kama kusoma tena ukurasa ambao nilikuwa nimeushika juu chini. Benchi tupu, wanawake ndani ya mahindi, mgongo wa Mama Bura ukutani na mkono tumboni, vyote vilibaki vilevile mahali pake na maana ikageuka. Walikuwa wanatuogopa. Mimi ndiye niliyekuwa nimebeba kitu wanachokiogopa juu ya kigae na kukipeleka mpaka ndani.

Leo, nikiulizwa kama moto ule ndio ulioitoa mimba ile, najua jibu la hospitali. Wakati ule sikuwa na jibu la hospitali. Nilikuwa na wiki sita.

Mwalimu Ngonyani hakumwita katibu kata. Badala yake alikwenda nyumba kwa nyumba kwa wazazi wa darasa la saba, na jibu alilolileta lilikuwa moja kutoka kwa wote, kana kwamba walikuwa wamelikariri. Walisema hawana neno na mtoto. Walisema waliopatwa na madhara si wao. Kama aliyepatwa na madhara atasema aende, ataenda. Kama hatasema, wao watabaki na watoto wao nyumbani siku ya mtihani, hata kama wote watafeli. Mwalimu aliyasimulia hayo akiwa amesimama mlangoni kwetu.

Mama ndiye aliyevaa kanga yake nyingine na kutoka. Baba alimuuliza anakwenda wapi, naye akaelekeza kidevu ng'ambo ya korongo. Nilimfuata. Sasa Mama Bura naye alikuwa metimani, kwa sababu kupoteza mimba kuliitenga nyumba kama kifo kingine chochote, na kati ya nyumba yake na yetu hakukuwa tena na kitu cha kulindwa. Tulivuka korongo mchana kweupe, watu wakitutazama kutoka kwenye mashamba yao.

Mama Bura alikuwa nje, anapepeta. Alikuwa amekonda usoni. Alimtazama mama mpaka tukafika, akaweka ungo chini.

"Mama Lohay," alisema.

Lilikuwa jambo dogo, mtu kumsalimu mwenzake kwa jina lake. Mama alikaa chini pale alipokuwa amesimama, kwenye makapi, kama mtu aliyekatwa kamba. Mama Bura naye akakaa. Walizungumza Kiiraqw, na ninapoyaandika hapa kwa Kiswahili najua kuna kitu kinapungua njiani, ila sina namna nyingine. Kwa muda walizungumza kuhusu ngwara, na kuhusu Bura kuota meno ya nyuma. Kisha mama akasema kwamba amekuja kwa ajili ya mtoto wake aliyebaki. Akasema hakumtuma siku ile na moto. Akasema kosa la kutoniambia ni la kwake yeye na la baba yangu, kwa sababu waliona aibu kulitaja jambo.

"Najua hukumtuma," Mama Bura alisema. "Mtu mzima asingethubutu. Alipoingia alikuwa anacheka."

Mama aliuliza kama ananilaumu.

"Namlaumu." Hakunitazama. "Kila nikiamka namlaumu. Halafu naangalia mlango na naona mtoto ana vidole vinaungua."

Nilikuwa nimesimama hatua chache kutoka pale, mikono nyuma. Nilitaka kusema pole. Neno lilikuwepo katika lugha zote nilizozijua na halikutoka hata kwa moja. Mama Bura aliokota punje zilizomwagika, moja moja, akazirudisha kwenye ungo. Alipomaliza aliuliza mtihani ni lini. Mama alimwambia.

"Nitampeleka mimi," alisema.

Mama alimwambia inatosha akisema tu neno kwa wazazi, mwalimu atalifikisha.

"Nikisema neno tu, watasema nililazimishwa. Wakiniona naye njiani hawatakuwa na la kusema."

Asubuhi ya mtihani alikuja akiwa amejifunga shuka begani. Alimwacha Bura kwa mama, na mtoto tangu afike hakuacha kuomba uji mpaka mama akacheka, na hicho kilikuwa kicheko cha kwanza nilichokisikia kutoka kwa mama tangu masika. Tulitembea kwa njia kuu, ile iliyohamishwa. Mama Bura alikuwa mbele, mimi nyuma. Watu walitoka pembeni kama kawaida, wakasimama kwenye mabua ya mahindi yaliyovunwa, na mwanamke mmoja akamwita Mama Bura, akamuuliza kama ana akili zake. Alijibu kwamba anazo zote, na kwamba mtoto akichelewa mtihani lawama itakuwa yao. Hakupunguza mwendo. Shingo yake ilikuwa imenyooka, na jasho lilikuwa linamshuka nyuma ya masikio ingawa kulikuwa na baridi.

Mwalimu Ngonyani alikuwa ameniwekea dawati kwenye stoo ya shule, katikati ya majembe na magunia ya mahindi ya shamba la shule, mlango ukiwa wazi ili msimamizi wa mtihani anione. Wazazi wa wenzangu walikuwa wamekusanyika chini ya paa la darasa. Walimtazama Mama Bura. Yeye aliwaamkia mmoja mmoja kwa jina, wakubwa kwanza, kwa sauti ya kawaida, akisimama mbele ya kila mmoja mpaka ajibu. Walijibu. Gwandu, yule wa panya buku, alikuwa dirishani anachungulia. Kisha Mama Bura akaja kwenye stoo, akakaa chini nje ya mlango, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha. Hakukuwa na mahali pengine pa kukaa mtu kama yeye.

Nilifanya karatasi zote. Sikumbuki swali hata moja, mimi ambaye hukumbuka kila kitu. Nakumbuka unyayo wake, nilioweza kuuona kutoka kwenye dawati, umepasuka kisigino, hausogei. Asubuhi nzima haukusogea. Matokeo yalipotoka nilikuwa nimechaguliwa, na yote niliyosoma baadaye, na vitabu vyote ambavyo sasa vimejaa chumba changu, vilianzia katika stoo ile. Katika vitabu hivyo nimetafuta watu wa namna yake. Walioandika kuhusu wilaya yetu, wasafiri, wamisionari, maofisa, waliandika nani alipigana na nani alitawala. Nani alikaa chini nje ya mlango hawakuandika.

Nilipotoka aliniuliza kama nimemaliza. Nilisema nimemaliza. Alisimama kwa kujishikia ukuta, akakung'uta vumbi kwenye shuka, tukaondoka.

Tulifika mahali ambapo njia inashuka kuelekea korongoni na nyumba zote mbili zinaonekana. Pale alisimama kupumzika. Aliniambia, akiwa anatazama mbele, kwamba alikuwa amekwisha kumpa jina mtoto wa mimba ile. Kwetu mtoto hapewi jina kabla hajazaliwa, na hata mumewe hajui. Akalitaja. Alilitaja mara moja tu, wazi, kama anavyotajwa mtoto aliyebaki nyumbani, kisha akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu siku ya moto, kuhakikisha kwamba nimesikia.

Nilisikia. Sikuliandika siku ile, na hapa pia siliandiki.

"Twende," alisema. "Bura atakuwa amemmalizia mama yako uji."

Akatangulia.